Mchezo wetu wa dadu unapoa ukihamia kwenye kompyuta: nimekosea wapi?

Mwenye swali, Nyegezi:
Ndugu zangu, kila Jumamosi sisi watano hukutana kwangu kucheza mchezo wa masimulizi tuliojitungia, wa wavuvi wa dagaa wanaotoka usiku usio na mwezi kuelekea Ukerewe. Kila wimbi na kila injini inayogoma huamuliwa kwa dadu la pande 20. Nimeanza kuuandikia programu bila kubadili kanuni hata moja, na dhoruba ambayo mezani hutuweka roho juu kwa dakika 40, kwenye kioo inachosha kabla ya dakika ya tano.

Jibu la kwanza:
Kaka, dakika zile 40 mnazijaza ninyi wenyewe: huyu anabishia uamuzi wa nahodha, yule anasimulia anavyotoa maji mtumbwini kwa ndoo. Kompyuta inabaki na hesabu tupu. Waliotengeneza mchezo wa kompyuta wa Baldur's Gate wa mwaka 1998 waligusa kanuni yenyewe: katika toleo la pili la mchezo wa mezani walioufuata, Dungeons & Dragons raundi moja ni dakika nzima, wao wakaifanya sekunde sita, mapigano yakaenda mfululizo bila kusubiriana zamu, na mchezaji akaweza kuyasimamisha ili atoe amri.

Jibu la pili:
Naomba kutofautiana kidogo. Baldur's Gate 3 ya mwaka 2023 ilirudi kwenye zamu, na wachezaji wakaipokea vizuri mno. Kwa hiyo zamu si tatizo, tatizo ni zamu isiyo na uamuzi ndani yake. Ikiwa injini inahitaji 15 au zaidi ili iwake, nafasi ni 6 kati ya 20, maana yake kwa wastani mtu atarusha zaidi ya mara tatu huku akibonyeza kitufe kile kile.

Mwenye swali:
Dada, nimehesabu: dhoruba moja ilikuwa na kurusha mara 31! Nimebakiza nne, na injini ikigoma, mchezaji huchagua kukata nyavu au kuacha mtumbwi usukumwe na upepo. Sasa nahofia atakayehifadhi mchezo kabla ya kila kurusha, arudie mpaka apate 20.

Jibu la pili:
Kushindwa nako kupe njia yake. Mtumbwi uliozimika ufikishe kwenye kisiwa ambacho aliyefanikiwa hatakiona kamwe, na hapo mchezaji hatakuwa na haraka ya kurudi nyuma.