Tupeane uzoefu: kuuza nje ya Uganda chini ya soko huria

Mleta mada: Wakuu, umoja wa forodha wa Afrika Mashariki upo tangu 2005, na biashara ya Eneo Huru la Biashara la Afrika (AfCFTA) ilifunguliwa Januari 2021. Mbona mizigo bado inalipishwa ushuru mpakani? Wenye ujuzi, tunakwama wapi?

Wakala wa forodha, Malaba: Kwenye karatasi. Kutoka Uganda peke yake hakutoshi. Mzigo uwe na cheti cha uasilia, yaani cha kuthibitisha bidhaa imezalishwa Uganda, kutoka Mamlaka ya Mapato, URA. Ankara ikisema katoni 480 na cheti kikasema 500, ofisa wa upande wa pili atakitilia shaka na lori litalala hapo. Kagueni pia msimbo wa forodha, ile namba inayotambulisha aina ya bidhaa, tarakimu kwa tarakimu. Mzigo mdogo usiozidi dola 2,000 una cheti chake chepesi mpakani, mradi bidhaa imo kwenye orodha. Halafu jamani, ushuru kuwa sifuri hakuondoi VAT ya nchi ya mnunuzi. Mwambieni mapema.

Kiwandani, Jinja: Kwa bidhaa za kusindikwa, kipimo kimojawapo cha Afrika Mashariki ni kwamba malighafi ya nje ya jumuiya isizidi asilimia 70 ya bei ya kiwandani. Katoni ya sh 60,000 haitakiwi kubeba zaidi ya sh 42,000 za malighafi hiyo. Malighafi ya Kenya au Tanzania haihesabiwi ya nje ikiwa na cheti chake, kwa hiyo tunzeni vyeti vya wanaowauzia.

Nafaka, Busia: Mahindi uasilia wake hauna ubishi, kinachoyakwamisha ni sumukuvu (aflatoksini), sumu inayotokana na ukungu. Machi 2021 Kenya iliyasimamisha ya Uganda na Tanzania, na ushuru ulikuwa sifuri vilevile. Kiwango cha Afrika Mashariki: unyevu usizidi asilimia 13.5, sumukuvu yote sehemu 10 kwa bilioni, aina ya B1 sehemu 5. Kuvu hukaa kwa mafungu: gunia moja safi, la jirani limeoza. Kwa hiyo chomeni bambo, kile chuma cha kuchotea sampuli, magunia mengi, juu, kati na chini, mchanganye ndipo mpeleke maabara. Konzi moja ya juu inadanganya. Anikeni kwenye turubai, kamwe si kwenye udongo, na magunia yakae juu ya mbao, mbali na ukuta.

Mchangiaji, Mbarara: Na Afrika Magharibi?

Wakala wa forodha, Malaba: Kule mnatumia Eneo Huru la Afrika, na ushuru unashuka kidogo kidogo. Kwa asilimia 90 ya bidhaa, nchi maskini zaidi zina miaka 10 ya kuuondoa, nyingine 5. Soma ratiba ya nchi unakopeleka kabla hujamtajia mnunuzi bei.