Mrejesho: kipandikizi cha jino chenye uso uliokwaruzwa

Salamu wote. Mimi ndiye niliyeuliza kama inafaa kuongeza pesa ili pengo la gego langu la chini liwekewe kipandikizi (skrubu ya titani inayozikwa kwenye taya kushika jino la bandia) chenye uso uliokwaruzwa badala ya kile laini. Niliongeza. Hii ni wiki ya nane, na jana daktari wangu wa Ngara alinifungia taji, yaani jino la bandia la juu.

Kabla ya kunipandikiza alinionyesha skrubu yenyewe: kijivu, haing'ai, kama sufuria iliyosuguliwa kwa mchanga. Titani hupigwa chembe ngumu kisha huchovywa kwenye asidi, ikabaki na vishimo vidogo mno. Damu ikiganda humo inashika, na seli za mfupa hupita juu yake mpaka kwenye chuma chenyewe. Kwenye uso laini mfupa huanzia zaidi upande wa taya na kusogea polepole. Ndiyo maana zamani, tangu enzi za Brånemark, mwanzilishi wa vipandikizi vya titani, kule Uswidi mwaka 1965, taya la chini lilingojewa miezi 3 au zaidi, la juu hata 6.

Aliyenitahadharisha kuhusu wiki ya tatu, asante sana. Wakati huo mfupa wa zamani unaoibana skrubu huliwa kabla mpya haujakomaa, uthabiti wa skrubu ukashuka. Mikwaruzo hupunguza mteremko huo, haiufuti. Nilitafunia upande mmoja. Mutura, ile soseji ya kuchoma, niliipungia mkono tu.

Bei bado inauma kuliko sindano. Na yule ndugu mvutaji aliyechangia hapa: hata uso uwe wa aina gani, sigara huchelewesha kupona.