Nimenunua Altezza, labda mimi ni mkono wa nne. Nianzie wapi?

Picha_za_Ndoa_Lshi

Bakubwa, jambo yenu.

Ninapiga picha za ndoa hapa Lubumbashi, mwaka wa tisa sasa, na miaka yote hiyo nimekuwa nikisafiri nyuma ya taksi, miguu ya kamera ikinichoma mbavu. Juma lililopita uvumilivu uliisha. Nimenunua Toyota Altezza ya 1999, rangi ya fedha, vitesi (gia) sita vya mkono, dola 4,200. Nyuma imeandikwa RS200. Aliyeniuzia anaapa kwamba ni ile ya farasi 210, na kwamba aliiagiza mwenyewe Japani ikapitia Dar es Salaam na Kasumbalesa. Nilipokuwa ninaiondoa uwanjani kwake, mtoto wa jirani akaniambia, bila hata kuulizwa, kwamba hiyo motoka ilishapita kwa wengine wawili hapa hapa mjini.

Sitawaficha sababu. Ni ile saa ya mwendo, yenye saa ndogo tatu ndani yake kama saa ya mkononi. Niliiona mara ya kwanza nikiwa mtoto, Kamalondo, siku ya mechi ya Mazembe. Nilibandika pua kwenye kioo mpaka mwenyewe akanifukuza kwa kandambili.

Jumapili saa kumi na moja alfajiri niliipeleka njia ya Kasapa. Mambo manne niliyoyaona:

Mshale wa joto haupandi. Baridi hii ya Juni mnaijua, mtu anatoka na blanketi, lakini hata baada ya nusu saa mshale ulikuwa bado chini. Nadhani moteri ni nzima kabisa. Kwenye tablo, pale mbele ya usukani, hakuna taa hata moja ya hatari. Pine (matairi) zina meno marefu, kama mpya. Jambo la nne tu ndilo linanisumbua: usiku kila ninayekutana naye ananiwashia mataa kwa hasira, na mimi nimeweka mataa ya chini.

Nimebakiza dola 600. Marafiki wanasema nianze na jante (rimu) kubwa, niishushe kidogo, kisha bomba la moshi lenye sauti, ili bibi harusi akifika watu watoke nje. Ninyi mnasemaje?

Turbo_Ruashi

Bomba kwanza! Motoka ya mbio isiyopiga kelele ni kama harusi bila fanfari.

Fundi_Mzee_Kamalondo

Mwanangu, hongera. Sasa zima muziki unisikilize. Umetuletea habari njema tatu na mbaya moja. Mimi nikizisoma naona zote nne ni mbaya.

Tuanze na mshale. Moteri nzima haikai baridi. Inapanda joto kwa dakika chache, mshale unafika karibu na katikati, unasimama pale hata ukienda mpaka Likasi. Wako hausimami kwa sababu ndani hakuna termostati. Ni kile kifuniko kidogo chenye springi, kinazuia maji yasiende kwenye radiateri mpaka moteri ipate joto lake. Mafundi wengi hapa, motoka ikichemka mara moja, wanakitoa na kukitupa, wanasema "sasa haitachemka tena". Kwa nini ilichemka, hawatafuti. Inaweza kuwa radiateri imeziba, pompi ya maji imechoka, au mtu ameweka maji ya bomba miaka mitano mpaka ndani pakawa kutu tupu. Na moteri inayotembea baridi kila siku inakula esanse (petroli) nyingi, mafuta yake hayawi mepesi yanavyotakiwa, na silinda zinalika polepole bila wewe kusikia kitu. Kwa hiyo jiulize: ilichemka lini, na kwa nini?

Taa za tablo. Kesho asubuhi fungua ufunguo hatua moja kabla ya kuwasha moteri. Taa zote zinapaswa kuwaka: ya mafuta, ya batri, ya breki, na ile yenye picha ya moteri. Ukiwasha, zinazimika. Kama ile ya moteri haiwaki hata kabla ya kuwasha, mtu ametoa balbu yake. Nimeziona nyingi namna hiyo. Wengine wanaziba na skochi nyeusi, hao angalau ni wavivu tu.

Sasa nenda mbele, fungua boneti. Kwenye ukuta unaotenga moteri na abiria kuna kibati cha chuma. Motoka za soko la Japani hazina ile nambari ndefu ya tarakimu na herufi 17. Zina jina la modeli, kistari, kisha tarakimu. Niambie kama ni SXE10 au GXE10. Usiniambie kilichoandikwa nyuma. Nyuma kila mtu anaweza kubandika.

Kamio_Njia_ya_Likasi

Kaka mpiga picha, tunaokuwashia mataa ni sisi wa makamio, malori. Altezza imetengenezwa kwa nchi wanapoendesha kushoto. Mataa yake ya chini yanaangaza mbele, na upande mmoja yanainuka kidogo kuonyesha ukingo wa barabara, ule wa kushoto. Hapa Kongo tunaendesha kulia, kwa hiyo kushoto kwako ndipo macho yangu yalipo. Mimi nimepakia shaba, tani thelathini na kitu, unanipofusha. Si hasira, ni woga.

Dada mmoja wa kampuni yetu alitafuta mataa ya Lexus IS200 iliyotumika Ubelgiji, maana ni bodi ile ile, yakaingia. Uliza vizuri kabla ya kulipa, nyaya zinaweza kutofautiana. Kwa sasa mwambie fundi ayashushe kidogo mbele ya ukuta.

Na usukani wako uko kulia. Ukiwa nyuma ya kamio, usinisogelee ili uone mbele, hutaona kitu, utaona bache (turubai) langu tu. Baki mbali, nafasi ifunguke. Mimi nilipokuwa na motoka ndogo ya Japani mke wangu ndiye alikuwa macho yangu ya kushoto. "Njoo! Ngoja! Kuna kamio! Njoo sasa!" Safari nzima kwenda Kolwezi hakulala, na tukifika alikuwa hanisemeshi.

Mama_Nguba_Bukavu

Ndugu yangu, wanaume wote hapa wanazungumza moteri. Karatasi je?

Mimi na mume wangu tulinunua motoka hapa Bukavu, tukafurahi miezi miwili, tukaja kugundua kwamba kwenye karte roze, hati ya motoka, tarakimu moja ya chassis ilikuwa 3 na kwenye chuma ilikuwa 8. Kosa la karani wa zamani, labda. Lakini mbele ya polisi wa rulaji (barabarani) si kosa la karani, ni kosa lako, na kila kizuizi kina bei yake. Miezi mitatu ya kupanda na kushuka ngazi za ofisi, "rudi kesho, mkubwa ametoka".

Kwa hiyo kabla hujagusa hata buji (plagi): chukua karatasi nyembamba, iweke juu ya nambari iliyochongwa kwenye chuma, sugua na penseli mpaka itokee. Linganisha herufi kwa herufi na karte roze. Kisha hati ya mauzo yenye sahihi zenu wote wawili na nakala ya kitambulisho chake, ifike kwa notari, na karte roze iandikwe jina lako sasa hivi, muuzaji akiwa bado anapokea simu yako. Baada ya mwezi hatapokea. Asiransi (bima) vile vile: ile iliyobandikwa kwenye kioo ni ya jina lake, usiitegemee.

Pine_za_Goma

Mimi niko Goma, tunaendesha juu ya mawe ya volkano ya Nyiragongo, kwa hiyo pine ndiyo somo letu.

Meno marefu hayasemi kitu. Tafuta ubavuni herufi DOT, ufuate mpaka mwisho, kuna tarakimu nne ndani ya umbo la yai. Mbili za kwanza ni juma, mbili za mwisho ni mwaka. 3611 ni juma la 36 la mwaka 2011. Zikiwa upande wa ndani, ingia chini na tochi. Mpira wa miaka kumi na zaidi ni mgumu kama soli ya kiatu, hauumi barabara, na kwenye joto na mwendo unaweza kuachana vipande. Pine nyingi za okazio (zilizotumika) zinazokuja na makontena ni hizo, meno mazuri, umri wa babu.

Na Altezza inasukumwa na magurudumu ya nyuma. Mvua ya kwanza juu ya lami yenye vumbi, pine za namna hiyo, ukikanyaga esanse kwenye kona mkia utakupita mbele. Ningeweka dola zote 600 kwenye pine.

Fundi_Mzee_Kamalondo

Hapana, mdogo wangu wa Goma. Kwenu mvua haina likizo. Hapa mpaka Oktoba hakuna tone. Kuruwa ya distribisio, ule mkanda unaoendesha vali za moteri, ndiyo ya kwanza. Toyota wenyewe wanasema ibadilishwe kwenye kilomita 100,000, na hii ni ya 1999, wamepita watu watatu, nani anajua? Ikikatika barabarani moteri inazimika hapo hapo, na ukiwa na bahati mbaya vali zinagongana na pistoni. Hapo unanunua moteri nyingine. Ukifungua kuruwa, badilisha na pompi ya maji na rola, kwa sababu kazi ya kufungua ni ile ile.

Pine_za_Goma

Mzee ninakuheshimu, lakini moteri ikifa, mtu anashuka anapiga simu. Pine ikipasuka kwa 110 hapigi simu.

Fundi_Mzee_Kamalondo

Basi asiende 110.

Picha_za_Ndoa_Lshi

Bakubwa, nimerudi. Kaeni chini kwanza.

Kibati kinasema GXE10.

Nilikisoma mara tatu, nikakipiga picha na lensi ya kupigia pete. GXE10. Niliingia kwenye intaneti usiku ule ule: hiyo si RS200, ni AS200. Moteri ni 1G-FE, silinda sita, farasi 160 tu. Zile 210 ni za 3S-GE ya silinda nne, SXE10. Asubuhi nikapitisha ukucha chini ya herufi za nyuma, R ikainuka yenyewe. Gundi. Nikamwita muuzaji, akacheka kidogo, akasema, "Hata mimi niliuziwa hivyo, ndugu." Namsadiki, na hilo ndilo linaniudhi zaidi. Kila mkono umeongeza uongo wake mdogo, mimi nimenunua vyote kwa bei moja.

Taa ya moteri haikuwaka. Fundi wa jirani alifungua tablo, kwenye kitundu chake hamna balbu. Tukaweka mpya, ikawaka na ikakataa kuzima. Akaunganisha tundu mbili chini ya usukani kwa kipande cha waya, taa ikaanza kukonyeza: mbili, kimya, moja. 21. Anasema ni sensa ya oksijeni kwenye bomba la moshi. Turbo_Ruashi, lile bomba lako lisubiri.

Nyumba ya termostati: tupu. Mzee aliiona akiwa Kamalondo bila kutoka kitini. Maji yaliyotoka yalikuwa na rangi ya barabara ya Kisanga.

Pine: tatu ni 2309, moja 0614. Hata hazikununuliwa siku moja.

Karatasi: mama wa Bukavu, nilisugua na penseli kama ulivyosema, kila tarakimu imelingana. Nilikaa chini pale pale garajini. Notari tumekwenda Alhamisi, muuzaji alikuja, nadhani kwa aibu.

Pesa nimeigawa hivi. Kuruwa, pompi, rola, termostati mpya, likidi ya radiateri nusu kwa nusu na maji safi ya kununua, mafuta ya moteri na filta yake, mafuta ya breki ambayo yalitoka meusi kama chai ya rangi. Kilichobaki kinatosha pine mbili, nimeziweka nyuma. Mbili za mbele mwezi ujao, nikilipwa ndoa mbili za mtaa wa Golf. Mpaka hapo sipiti 60, na mataa yameshushwa. Jana usiku nilikutana na makamio matano, hakuna aliyeniwashia.

Lakini niwaambie kitu kimoja. Mshale sasa unapanda, unasimama katikati, na ile sita ikiwa na joto lake inanong'ona tu. Nikisimama kwenye dodani (tuta) sisikii kama inaendelea au imezima. Kwa bibi harusi mwenye gauni refu sijui ningetaka nini zaidi.

Swali langu la mwisho, mzee: sensa ya oksijeni ya 1G nitaipata wapi isiyo ya okazio?

Fundi_Mzee_Kamalondo

Kwanza usinunue. Motoka imetembea miezi, labda miaka, moteri ikiwa baridi, kwa hiyo ilikuwa inachoma esanse nyingi na masizi yamejaa kila mahali. Tembea juma mbili na termostati mpya, futa kodi, ile namba ya hitilafu, uone kama 21 itarudi. Usiweke esanse ya Kadhafi, ya wauzaji wa kando ya barabara kwenye bidoni, nenda kituoni. Ikirudi, njoo kwangu Jumatatu, si Jumapili. Na hizo herufi RS, zing'oe zote. Ukiacha S peke yake watu watauliza.

Turbo_Ruashi

Kaka, hizo herufi usizitupe basi. Nina Vitz.