Nyiradi nasoma kila siku lakini moyo hautulii, naombeni ushauri

MamaWawili
Assalamu alaykum, na habari zenu nyote wa imani nyingine. Najua humu tumo mchanganyiko, na swali langu nadhani linamgusa kila mtu anayesali.

Mume wangu alipoteza kazi, na tangu hapo nyumba naibeba mimi. Mama yangu ana maradhi ya kudumu. Madeni yapo, ya watu na ya benki. Kazini nina bosi ambaye ukikohoa tu keshakuandikia barua. Nilipoona nazidiwa nikashika nyiradi, yaani dhikri za kurudia kila siku: baada ya Alfajiri istighfari (kuomba msamaha) mia, kumswalia Mtume mia, kisha "Hasbunallahu wa ni'mal wakil" (Mwenyezi Mungu anatutosha, naye ni mbora wa kutegemewa) mpaka nichoke. Usiku narudia.

Mwanzoni nilipata utulivu wa kweli, siwadanganyi. Sasa ulimi unakwenda peke yake huku kichwa kinapiga hesabu: huyu nimlipe lini, dawa za mama zimebaki ngapi. Nafika mwisho wa tasbihi sijui katikati nimepitaje. Nikaongeza idadi nikidhani dozi ni ndogo, ndiyo mambo yakaharibika kabisa. Nalala kidogo, naamka na kichwa kizito, na mtoto akinifuata kwenye mswala kuniuliza kitu namkaripia, halafu narudi kusema "Subhanallah" na hasira imenikaba kooni. Dada yangu anasema imani yangu ndogo. Na kuna mtu kanitumia ujumbe kwamba nikisoma Swalatu Nariya, maneno fulani ya kumswalia Mtume, mara 4,444 deni litafutika.

Dhikri ya ulimi bila moyo ina faida yoyote, au najichosha bure? Na nyie wa rozari na wa mantra, akili ikitoroka mnafanyaje? Wa kunikejeli apite tu.

MpendaMantiki
Sikejeli, ila deni hulipwa kwa pesa. Muda wa kuhesabu shanga ungeutafutia kipato cha pembeni.

MwanafunziWaDarsa
Wa alaykumu salaam dada yangu. Swali lako wamelisumbukia wakubwa kabla yetu. Ibn Ata'illah wa Iskandaria, aliyefariki mwaka 1309, analijibu katika hekima zake: usiiache dhikri kwa sababu moyo wako haupo na Mwenyezi Mungu ndani yake, kwani kughafilika ukiwa huna dhikri kabisa ni kubaya kuliko kughafilika ukiwa ndani ya dhikri. Kisha anasema huenda Mola akakupandisha kutoka dhikri ya kughafilika hadi ya kuzindukana, na kutoka hapo hadi ya moyo kuhudhuria. Kwa hiyo hujichoshi bure. Uko mwanzo wa safari, na mwanzo wenyewe unahesabiwa.

Kwenye idadi sasa. Bibi Fatima, binti ya Mtume (s.a.w.), mikono yake ilichubuka kwa kusaga nafaka kwenye jiwe. Akaenda kuomba mtumishi. Mtume akawaendea usiku, yeye na mumewe Ali, wakiwa wameshapanda kitandani, akawafundisha waseme kabla ya kulala Subhanallah 33, Alhamdulillah 33 na Allahu Akbar 34, akawaambia hiyo ni bora kwao kuliko mtumishi. Hadithi imo kwa Bukhari na kwa Muslim. Hebu itazame vizuri: ni mwanamke aliyechoka kwa kazi za nyumba, wakati wa kulala, akapewa jumla ya mia moja, akalala. Na asubuhi jiwe lilikuwa palepale likimsubiri. Wewe umejipa maelfu, usingizi ukaondoka.

Imepokewa pia kwamba amali anayoipenda zaidi Mwenyezi Mungu ni ile ya kudumu hata ikiwa chache. Punguza, dada. Na huyo dada yako mwambie kwa heshima kwamba imani haipimwi kwa kutohisi uchovu.

RozariMfukoni
Dada pole sana. Mimi ni Mkatoliki, na hicho cha kufika mwisho wa shanga hujui umepitaje nakijua vizuri mno.

Kwetu rozari haikusudiwi iwe maneno matupu. Kila kumi la Salamu Maria lina tendo la kulitafakari, yaani tukio la maisha ya Yesu na Maria: ya Furaha, ya Uchungu, ya Utukufu, na yale ya Mwanga ambayo Papa Yohane Paulo II aliyaongeza mwaka 2002. Midomo inasema Salamu Maria, macho ya ndani yanatazama tukio. Wiki ambayo bosi (ninaye na mimi wa aina hiyo) amenitenda vibaya, nabaki kwenye tendo la kwanza la uchungu tu, Yesu bustanini anatoka jasho la damu na rafiki zake wamelala. Silazimishi kufika la tano. Kumi moja kwenye foleni, kumi nyingine nikisubiri maji yachemke.

Akili ikitoroka, Fransisko wa Sale, askofu aliyefariki 1622, alishauri uurudishe moyo kwa upole, bila kuugombeza. Mimi hapo ndipo napashikilia. Ukianza kujigombeza, sasa una mawazo mawili ya kukutoa kwenye sala badala ya moja.

MsomaNeno
Samahani wapendwa, lakini Mathayo 6:7 inasema "msipayuke-payuke, kama watu wa Mataifa, maana wao hudhani ya kuwa watasikiwa kwa sababu ya maneno yao kuwa mengi." Dada ongea na Mungu kwa maneno yako mwenyewe, kama mtoto na baba. Haya mahesabu yote ya nini?

RozariMfukoni
@MsomaNeno Zaburi ya 136 ina mistari 26 na kila mmoja unaishia "kwa maana fadhili zake ni za milele." Na kwenye Mathayo huyohuyo, 26:44, Yesu anaomba mara ya tatu "akisema maneno yale yale." Ninavyosoma mimi, kinachokemewa ni kudhani kwamba wingi wa maneno unamshurutisha Mungu. Hapo nakubaliana nawe, na hiyo 4,444 ya ujumbe wa dada naiona iko palepale.

MsomaNeno
Nimekuelewa. Ila hilo la maneno yako mwenyewe silitoi. Kuna siku mtu anahitaji kusema tu "Bwana, nimechoka na naogopa deni."

Shanga108
Namaste. Mimi nafanya japa, yaani kurudiarudia Jina la Mungu, kwa mahamantra ya Hare Krishna, na mala (uzi) ya shanga 108; kuimaliza yote ni mzunguko mmoja. Katika jumuiya aliyoianzisha Bhaktivedanta Swami mjini New York mwaka 1966, anayepewa diksha, yaani kupokewa rasmi kuwa mwanafunzi, huahidi mizunguko 16 kila siku. Piga hesabu: mantra 1,728, kama saa mbili hivi. Lakini watu husahau kwamba kwa mwalimu wake yeye kipimo kilikuwa mizunguko 64, na Swami ndiye aliyekishusha alipoona wanafunzi wake hawakiwezi. Mwalimu mzima alishusha, sembuse mama wa watoto wawili mwenye ajira na mgonjwa nyumbani.

Kuhusu akili, kwetu kuimba Jina bila kusikiliza huhesabiwa kuwa kosa dhidi ya Jina, na dawa yake haihitaji ujuzi wowote. Toa sauti, hata ya chinichini, kiasi sikio lako mwenyewe likusikie, halafu sikiliza. Usijaribu "kuwaza mambo matakatifu" wala kujenga hisia. Neno moja, lisikie. Linalofuata, lisikie. Akili haijui kukaa bure, lakini ukiikabidhi kazi ya kusikia hukaa kidogo. Ikiondoka, anzia neno ulipogundua imeondoka, usirudi mwanzo wa mzunguko kujiadhibu.

Na usiimbe peke yako siku zote. Kirtani, yaani kuitikiana kwa kundi, hubeba mtu siku ambazo hawezi kujibeba. Nadhani nanyi mna mikusanyiko ya namna hiyo.

MwanafunziWaDarsa
@Shanga108 Ipo. Ratibu, yaani mkusanyiko wa dhikri, ya Imam Abdallah bin Alawi al-Haddad wa Tarim huko Yemen, aliyefariki 1720, husomwa kwa kuitikiana, na nyingi ya dhikri zake ni za mara tatutatu tu. Dada, tafuta kikao cha wanawake kilicho karibu nawe hata mara moja kwa wiki.

ZamuYaUsiku
Nafanya kazi ya afya, niseme upande wa mwili.

Mwaka 2001 jarida la madaktari la Uingereza, BMJ, lilichapisha utafiti wa kundi la Luciano Bernardi kutoka Italia. Walichukua watu wazima 23 wenye afya njema, wakawasomesha rozari kwa Kilatini na mantra ya "Om mani padme hum." Yote mawili yalishusha pumzi hadi kama sita kwa dakika, na mwili ukawa na uwezo mzuri zaidi wa kurekebisha shinikizo la damu. Watu 23 ni wachache, tusijenge ghorofa juu yao. Lakini inaeleza kwa nini mwanzoni ulitulia: sentensi ndefu kidogo, inayosemwa polepole kwa pumzi moja ya kutoa, hupunguza mwendo wa mapigo ya moyo. Waorthodoksi nao wapo wanaosali "Bwana Yesu Kristo, Mwana wa Mungu" wakivuta pumzi na "unihurumie mimi mwenye dhambi" wakiitoa.

Sasa jiulize ulipoongeza idadi ulifanya nini na mwendo. Nahisi uliharakisha. Ukiharakisha pumzi inakuwa fupi, na mwili unasoma hiyo kama hatari. Hapo unakaa kwenye mswala na kwa mwili ni kama unakimbia.

Jambo la pili halina mzaha. Kama huzuni au kukosa hamu ya kila kitu kumekukaa kwa siku nyingi za wiki mbili au zaidi, usingizi na chakula vimevurugika, au unawaza kwamba heri usingekuwepo, nenda ukamwone daktari au mshauri wa afya ya akili. Hilo la mwisho usilisubirie hata siku moja. Nyiradi endelea nazo, hazigombani na matibabu.

MpendaMantiki
Hii ya pumzi naikubali. Lakini swali langu bado: deni?

BibiWaMkeka
Mwanangu MpendaMantiki tulia, zamu ya deni imefika.

Mama Wawili, mwanangu, kuna dua ya Mtume iliyopokewa na Bukhari. Anajikinga kwa Mwenyezi Mungu na wasiwasi na huzuni, ajizi na uvivu, ubahili na woga, uzito wa deni na kuelemewa na watu. Huyo bosi wako yumo humo ndani! Tazama zilivyokaa pamoja: deni limewekwa na ajizi, na woga. Mimi nikiisoma naisikia inaniambia niombe nisilemewe, na papo hapo niombe nguvu ya kunyanyuka. Na yule bwana aliyeuliza kama amfunge ngamia wake au amwache na kutawakali, yaani kumtegemea Mungu, aliambiwa amfunge, kisha atawakali.

Basi funga ngamia. Kesho ukimaliza dhikri yako fupi, usinyanyuke mara moja. Chukua karatasi, andika kila unayedaiwa naye, kiasi na tarehe. Hayo ndiyo mawazo yanayokukatiza kwenye tasbihi, yapewe mahali pao. Kisha wafuate wadai kabla hawajakufuata, uombe kupangiwa upya, benki ukianza nayo maana riba hailali. Mumeo mkalishe na karatasi hiyo mbele yake. Asiye na kazi bado ana mikono: dawa za mama na shule za watoto azishike yeye. Sijui kwa nini kwenye maelezo yako yote mume katajwa sentensi moja.

Na mtoto akija kwenye mswala, mpakate. Mtume alikuwa akiswali amembeba mjukuu wake Umama, akisujudu anamweka chini, akisimama anambeba. Hiyo ni swala, sembuse uradi.

MamaWawili
Jamani nimesoma yote, mengine mara mbili. Bibi umenishika pabaya kwenye la mume. Nimekuwa nikimficha madeni mengine ili asijisikie vibaya. Karatasi nitaandika.

Nyiradi narudi kwenye ile ya Bibi Fatima usiku, na asubuhi Hasbunallahu chache kwa sauti ya kujisikia, polepole. ZamuYaUsiku, ni kweli nilikuwa naharakisha, na usingizi nitaufuatilia. Hayo mawazo ya mwisho uliyoyataja sina, alhamdulillah.

Mawili yamebaki. Ile 4,444 niiache? Na siku za hedhi huwa nasimamisha kila kitu, nikirudi naona nimeanza upya. Ndivyo inavyotakiwa?

MwanafunziWaDarsa
Swalatu Nariya ni maneno ya kumswalia Mtume na wapo masheikh wanaoisoma, ila idadi ya 4,444 haikutoka kwa Mtume, na wapo wanazuoni wanaoipinga. Wanaoizoea mara nyingi hugawana idadi hiyo kwa kundi, hawamtwishi mtu mmoja. Anayekuahidi deni kufutika kwa kuisoma anaahidi asichokimiliki, na akikuomba na ada juu yake, mfungie kabisa.

Hedhi haizuii dhikri. Istighfari, tasbihi, dua, kumswalia Mtume, vyote unaendelea navyo bila udhu. Hitilafu ya wanazuoni ipo kwenye kusoma Qur'ani yenyewe. Hiyo Hasbunallahu, japo ni kipande cha aya ya 173 ya Aal Imran, ukiisema kwa nia ya dhikri hakuna tatizo. Siku hizo swala hakuna, kwa hiyo utakosa ule wakati wa baada ya Alfajiri. Jiwekee alama nyingine, kwa mfano unapomwandalia mama dawa zake za asubuhi.

MamaWawili
Hiyo ya dawa nimeichukua. Mume nimemwambia tukae leo usiku watoto wakilala.