Mpangaji mwenzangu kabakwa jana usiku: tuanze hospitali au polisi?

MamaWawili_Buguruni: Habarini wakuu, anayejua anijibu haraka. Dada mmoja tunapanga naye hapa Buguruni, anafanya kazi saluni, ana miaka 22. Jana Jumamosi usiku kabakwa na kijana anayemfahamu. Kaniambia leo jioni, ameshaoga na khanga kaziloweka. Tumekwenda zahanati ya jirani, wa mapokezi akasema kaleteni kwanza PF3, ile fomu ya polisi. Shangazi yake anataka tusubiri kesho, ndugu wa kijana wanakuja "kuongea". Yeye mwenyewe polisi hataki hata kusikia. Anachoogopa ni ukimwi na mimba.

KakaMkubwa: Poleni. Ila saa hizo alikuwa anatoka wapi?

NesiMstaafu_Ilala: KakaMkubwa, swali lako halimo kwenye fomu yoyote niliyowahi kujaza. Kaa pembeni.

Mama Wawili, chukueni bajaji sasa hivi mwende hospitali ya Amana. Ulizieni Kituo cha Mkono kwa Mkono: daktari, mshauri, polisi na ustawi wa jamii wanapatikana hapohapo, msizungushwe. Mkikuta kimefungwa, ingieni dharura. Semeni wazi kwamba amebakwa na anahitaji PEP, yaani dawa za kuzuia maambukizi ya VVU.

Hizo dawa huanzwa ndani ya saa 72, lakini msipige hesabu za Jumanne. Kila saa inayopita zinapungua nguvu. Watampima VVU kwanza; akiwa hana, atameza vidonge kila siku kwa siku 28. Kidonge cha kuzuia mimba mwisho ni siku 5, nacho kadiri kinavyowahi ndivyo kinavyosaidia. Aombe pia dawa za kaswende na kisonono, na chanjo ya homa ya ini aina ya B.

PF3 ni karatasi ya kesi. Virusi havisubiri mhuri! Akitaka kushtaki, itajazwa. Asipotaka leo, atibiwe hivyohivyo.

Kuoga kusimzuie. Khanga zitoeni majini, zikikauka ziwekeni kwenye bahasha ya kaki, siyo mfuko wa nailoni, zitaota ukungu. Nguo ya ndani kama haijafuliwa, iacheni hivyo.

Nimekaa mapokezi miaka mingi. Wengi walikuja kwetu mimba ikiwa imeshaonekana, na hao ndio waliokuja. Utafiti wa kitaifa wa 2009 ulikuta karibu wasichana 3 kati ya 10 walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya miaka 18, na wavulana kama 1 kati ya 7. Ingekuwa kipindupindu, gari la matangazo lingepita kila uchochoro.

Mjumbe_Shina: Hao ndugu wakija waambieni hakuna kikao. Kubaka ni jinai, si mimi wala shangazi mwenye uwezo wa kuyamaliza sebuleni. Akiwa tayari, aende Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, na aombe askari wa kike.

MamaWawili_Buguruni: Tumetoka Amana, kapewa vyote. Ila kichefuchefu kinamsumbua.

NesiMstaafu_Ilala: Afadhali! Ale kwanza ndipo ameze, ikiwezekana akienda kulala. Akitapika muda mfupi baada ya kumeza, wapigieni hospitali, huenda akarudia dozi. Wengi huacha vidonge katikati kwa sababu hiyo, kwa hiyo shangazi apewe kazi ya kumkumbusha badala ya kupokea wageni. Baada ya miezi 3 arudi kupimwa.