Kompyuta niliyounganisha mwenyewe inawaka kidogo kisha inazima, naomba ushauri

Mkazi wa Njiro
Habari wakuu. Nipo Njiro, Arusha. Nina kompyuta ya mezani niliyounganisha mwenyewe, haijawahi kukaa imewaka. Nikibonyeza swichi feni zote zinazunguka, halafu inazima. Mara nyingine nembo ya mazabodi (bodi kuu) inatokea kwenye kioo, mara nyingine haifiki huko.

Vifaa: prosesa Ryzen 5 5600 na feni yake ya boksini, mazabodi ya B550, ramu DDR4 vijiti viwili vya GB 8, kadi ya michoro RTX 3060, SSD ya M.2, pawa saplai (kifaa cha kugawa umeme ndani ya kesi) ya wati 550. Vyote vipya isipokuwa pawa saplai. Fundi anasema pawa saplai ndiyo mbovu. Kabla sijatoa hela, nianzie wapi?

Bisibisi Bapa
Usinunue kitu bado, mkuu. Kwanza pima kwa simu inakaa sekunde ngapi, maana muda ndio utakaokuonyesha pa kutafuta.

Feni zikishtuka tu na kusimama papo hapo, pawa saplai inajilinda dhidi ya shoti. Tafuta skrubu iliyodondoka nyuma ya mazabodi, au kiguu cha shaba kilichofungwa mahali ambapo bodi haina tundu. Ikizima kwenye sekunde nne au tano, kila mara vilevile, shuku swichi ya kesi: ikinasa ndani, bodi inaona umeishikilia, na kuishikilia sekunde nne ndiyo amri ya kuzima kwa nguvu. Ikikaa nusu dakika au zaidi, na muda ukapungua ukiiwasha tena bila kuipumzisha, hilo ni joto. Ikifika Windows na kuzima pale unapofungua gemu, hapo pawa saplai inakuwa mshukiwa wa kwanza.

Swichi unaijaribu hivi: chomoa waya wa PWR SW (unaotoka kwenye swichi ya kesi) kwenye bodi, kisha gusanisha zile pini mbili ulipouchomoa kwa ncha ya bisibisi kwa sekunde moja, uachie. Ikikaa imewaka, tatizo lilikuwa swichi.

Angalizo moja: 5600 haina michoro ndani yake (yenye michoro ni 5600G). Ukitoa kadi kwa majaribio, kioo kitakuwa cheusi hata kama mashine ni nzima.

Mtaa wa Sakina
Mimi ningebadili pawa saplai moja kwa moja. Imeshatumika, na umeme wa jioni unashuka sana.

Waya wa Kijani
Mkuu wa Sakina, soma lebo kwanza. Ikiandikwa 100–240V, umeme ukishuka hadi volti 190 haiwezi kuzima kwa sababu hiyo. Ya kuogopa ni zile za zamani zenye kiswichi chekundu cha 115/230 nyuma: hapa kwetu lazima kikae 230, kikiwa 115 inapasuka.

Mtoa mada, kwa kuwa hiyo imeshatumika, hakikisha nyaya zilikuja nayo. Kama ni za kuchomoa pande zote mbili, upande wa pawa saplai hauna mpangilio mmoja kwa watengenezaji wote. Ukichanganya, volti 12 zinaweza kuingia panapotakiwa 5, na diski inaungua. Angalia pia plagi ya prosesa, iliyogawanyika 4+4, na ya kadi, iliyogawanyika 6+2. Zinafanana kwa macho, ila pini hazilingani, kwa hiyo usilazimishe.

Kisha pima kwa multimita (kipima umeme) mashine ikiwa imewaka, ncha nyeusi kwenye waya mweusi, ncha nyekundu ikiingia kwa nyuma ya plagi kubwa ya pini 24. Waya wa njano uwe kati ya volti 11.4 na 12.6, nyekundu 4.75 hadi 5.25, chungwa 3.14 hadi 3.47. Lile jaribio la kuunganisha waya wa kijani (pini ya 16) na mweusi wa jirani linaonyesha tu kwamba inawaka, maana haina mzigo. Na usifungue kasha lake kabisa: kapasita ya ndani (inayohifadhi umeme) inaweza kubaki na volti zaidi ya 300 hata ikishachomolewa ukutani.

Mkazi wa Njiro
Asanteni sana. Nimepima ikiwa imewaka: 12.1, 5.04, 3.31. PWR SW nimechomoa, hali ni ileile. Mara ya kwanza ilikaa sekunde 50, nilipoirudisha hapohapo ikakaa 20. Niliwahi kuingia BIOS (ukurasa wa mipangilio ya bodi), joto la prosesa lilikuwa nyuzi 78, likapanda 86, 93, ikazima.

Bisibisi Bapa
Basi pawa saplai yako iache. Hitisinki (kile chuma chini ya feni kinachotoa joto) haijagusana vizuri na prosesa.

Feni ya boksini ya 5600 inafungwa kwa skrubu nne zenye springi, moja kwa moja kwenye bamba la nyuma ya bodi. Vile vishikio viwili vya plastiki vinavyokuja na mazabodi ni vya hitisinki za klipu, na kwa hii lazima vitolewe. Vikibaki, hitisinki inaning'inia juu yavyo. Ukivifungua, shika bamba kwa nyuma lisidondoke.

Unapoitoa, usivute wima. Zungusha kushoto na kulia taratibu hadi iachie, kwani prosesa za AM4 (aina ya soketi ya 5600) zina pini chini na huweza kung'oka pamoja na hitisinki hata mkono wa soketi ukiwa umefungwa. Futa pesti ya zamani (ile inayopitisha joto kati ya prosesa na hitisinki) kwa alkoholi ya isopropili, mafundi simu wanayo. Weka pesti mpya katikati, kiasi cha punje ya njegere. Kaza skrubu kimshazari, mizunguko miwili kila moja, usimalize upande mmoja kwanza. Waya wa feni uingie kwenye pini za bodi zilizoandikwa CPU_FAN.

Washa, ingia BIOS kwa Delete, iache dakika kumi. Ikitulia chini ya nyuzi 55, endelea na Windows. Ikipanda tena, itoe uangalie alama ya pesti: pale ambapo haijabonyezwa ndipo hitisinki haikukaa.