MREJESHO: Mguu uliovimba nikiwa Lubumbashi

Ndugu zangu, ni mimi niliyeuliza kuhusu kigimbi kilichovimba na kuuma upande mmoja, baada ya safari ndefu ya basi kutoka Dar hadi Lubumbashi. Asanteni mno. Nilimfuata aliyesema nisichuliwe, nikapigwe ekografi (ultrasound) ya mishipa siku ileile. (Mama mwenyeji wangu alishapasha mafuta ya kuchua!) Kweli, damu ilikuwa imeganda. Nimeanzishiwa sindano, kisha vidonge vya kuzuia isigande zaidi.

Ushauri wa kupigia bima ulikwama: simu iliita tu. Nimelipa mwenyewe kwa dola, na noti yenye kampasuko kadogo wakaikataa. Uvimbe umepungua, haujaisha. Kurudi nimeahirisha.